Busu la Chumba Namba Tisa

Perrine Vasseur alikuwa anaubusu mkono wake mwenyewe. Na alikuwa anaubusu kwa ufundi, si mchezo. Macho kwenye skrini, midomo imeloa kidogo, na nyama ile laini ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, imesogezwa mpaka karibu na maikrofoni. Kule kwenye skrini mwanamke mwenye koti la kijani alikuwa anamsogelea mwanamume mwenye ndevu mbele ya dirisha. Midomo yao ikakutana. Mkono wa Perrine nao ukapata chake.

Nyuma ya kioo, Yvon, mzee wa mitambo, akatikisa kichwa.

"Limekauka," akasema kupitia spika. "Kama mtu anafungua bahasha."

"Njoo ubusu wewe basi, mzee."

"Na masharubu haya? Yatakwaruza maikrofoni."

Masharubu ya Yvon yalikuwa ya miaka arobaini, mazito kama ufagio, na alikuwa anayapenda kuliko mbwa wake. Perrine akacheka, akang'ata tofaa la kijani. Tofaa la kijani linasafisha mdomo, ulimi hauleti vile vijisauti vya mate. Akajaribu tena. Hili lilikuwa busu la sita tangu watoke kula.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye studio ya chini ya ardhi pale Montreuil, pembezoni mwa Paris. Mpiga vishindo. Wewe ukikaa sinema unadhani kila unachosikia kilitokea kweli siku ile wanapiga picha. Wapi. Viatu unavyosikia vikipanda ngazi ni vya Perrine. Theluji inayolia chini ya miguu ya wapenzi ni unga wa viazi ndani ya mfuko wa ngozi. Shuka za kitanda ni Perrine anasugua shuka. Na busu, lile linalokufanya utafute leso, ni Perrine, mwanamke wa miaka arobaini na sita, kavaa sweta la zamani na soksi, anaubusu mkono wake.

Na Ufaransa kwa filamu za mapenzi hawachoki. Kila mwaka zinakuja kama mvua. Mke wa daktari na fundi wa piano. Walioachana miaka kumi halafu wanakutana kwenye treni iliyoharibika. Wale wanaobishana jikoni dakika arobaini, kisha wanalia, kisha wanabishana tena. Perrine aliwabusia wote. Kila Krismasi dada yake na mashemeji walikuwa wanamuuliza, sasa wewe uliye ndani ya kazi, tutazame ipi ya mapenzi yenye maana? Na yeye anawaambia, tazameni ile ya fundi wa piano, lakini mfumbe macho anapofika mlangoni. Sikilizeni anavyosita. Wao wanacheka, wanasema Perrine bwana, nani anatazama filamu kafumba macho.

Kumbe ule msito ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Gildas, mumewe. Gildas Morvan alikuwa mrekodi sauti, yule anayekwenda na timu kwenye kupiga picha, hedifoni kichwani, anakamata maneno ya waigizaji. Walikutana kwa ugomvi. Gildas alishuka pale Montreuil mwaka wa kwanza wa Perrine kazini, uso mwekundu, anauliza ni nani huyo aliyefuta nyayo zake halali na kuweka za uongo. Yeye anarekodi ukweli, akasema, halafu mtu anakaa chini ya ardhi anatwanga kabichi na kuiita ngumi. Perrine akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuomba viatu vyake, maana alikuwa na mwigizaji mnene wa kumtembeza na jozi aliyokuwa nayo ilikuwa nyepesi. Gildas akavua. Alirudi nyumbani kwa treni ya chini kavaa viatu vya mbao alivyopewa kutoka rafu ya Perrine, ko ko ko, abiria wanamtazama. Kesho yake akafuata viatu vyake, na hakuondoka tena.

Busu lao la kwanza lilikuwa hapo hapo, kati ya rafu za viatu. Kabla ya kubusu, Gildas alivuta pumzi fupi kwa pua, halafu akasimama. Akasita. Kama mtu aliyefika mlangoni akasahau kama alitaka kugonga. Halafu ndiyo akaingia. Perrine aliuchukua ule msito akauweka kazini. Alikuwa hawezi kuubusu mkono bila kumfikiria yeye, na tangu siku ile kila busu alilopiga lilikuwa na ile pumzi ya pua na ule msito. Yaani kwa miaka kumi na tisa, kwenye skrini, nusu ya Ufaransa ilikuwa inabusiana kama Gildas Morvan, na Gildas mwenyewe hajui.

Halafu kulikuwa na Jumatano. Kule filamu mpya zinatoka Jumatano, na wao Jumatano ilikuwa yao. Saa nane mchana, sinema ya mtaani kwao, mstari wa tatu, viti vyekundu vilivyopoteza springi. Majina yakianza kupanda watu wananyanyuka, wanatafuta mikoba, wao wanabaki. Jina la Perrine likipita, Gildas anambana vidole viwili. Mara mbili, fupi. Hakuna mwaka aliokosa. Hata vuli iliyopita, alipokuwa Granville kando ya bahari kwa wiki saba akirekodi filamu hii hii ya koti la kijani, mapumziko ya timu yalikuwa Jumanne na Jumatano, na kila Jumatano asubuhi Gildas alipanda treni ya mwendo wa saa tatu nzima, akakaa naye mstari wa tatu, jioni akarudi. Jumanne alikuwa anabaki kule kupanga mafaili na kuchaji betri. Dada yake Perrine alimwambia, mume kama huyo nitafutie na mimi.

Sasa turudi kwenye busu la sita.

Mwongozaji wa filamu hii, Aurélien Castaing, kijana wa miaka thelathini na nne mwenye skafu hata ndani ya nyumba, alikuwa na sharti lake. Busu la mwisho, sekunde kumi na nne, bila muziki. Alisema anataka watu ukumbini wasikie kama wanachungulia kitu kisichowahusu. Sauti ya siku ile ilikuwa imeharibiwa na shakwe, ndege wa baharini walikuwa wamejaa juu ya paa la hoteli wakipiga kelele kama sokoni. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya mkono wa Perrine, na Aurélien alikuwa anakuja saa kumi kusikiliza. Jumatatu sauti zote zinachanganywa. Hakuna siku nyingine.

"Niwekee ukimya wa chumba," Perrine akasema. "Nikiusikia chumba chenyewe nitapata."

Hii inabidi ujue. Kila mahali panapopigwa picha, mrekodi sauti anawasimamisha watu wote kama sanamu na kurekodi ukimya wa pale. Dakika moja, hakuna anayeongea, hakuna anayejikuna. Maana kila chumba kina ukimya wake, na huo ndio unatandikwa chini ya maneno ili mtu asisikie pengo. Na kuna sheria, kwenye kupiga picha faili halifutwi. Hata chafya inabaki.

Yvon akafungua. Chumba namba tisa cha hoteli ile, chumba cha busu, kilikuwa na ukimya mara tatu. Wa kwanza, shakwe. Wa pili, shakwe pamoja na tumbo la mtu linalonguruma. Wa tatu ukaanza na sauti ya Gildas mwenyewe, taratibu, karibu na maikrofoni, "Chumba namba tisa, ukimya, mara ya tatu. Jamani pumueni kwa adabu." Perrine akatabasamu peke yake. Akavaa hedifoni, akafumba macho.

Ulikuwa ukimya mzuri. Bomba la kupasha joto lilikuwa linagonga, tik, tik, kwa mbali. Shakwe mmoja mmoja. Halafu kutoka kwenye korido mtu akaita chakula tayari, na pale ndipo ukasikia timu nzima ya watu wazima wanavyokimbia kama wanafunzi, viti, miguu, milango. Kule mtu akiita chakula, hata kamera inaweza kuachwa inaungua. Gildas naye akavua hedifoni akaziweka chini, Perrine alisikia zilivyogusa meza. Akatoka na wengine bila kuzima mashine.

Alisahau. Yeye ambaye kila Pasaka mezani alikuwa anawasimulia wageni habari za warekodi wazembe wanaosahau kuzima.

Yvon akanyoosha mkono asimamishe.

"Acha," Perrine akasema. "Shakwe wametulia. Hapa ndipo pazuri."

Hakuna mtu anayesikiliza ukimya mpaka mwisho. Mrekodi anasikiliza nusu dakika, anaandika namba, anatuma. Perrine alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa anatafuta sekunde kumi na nne safi za kuweka busu lake.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nyayo za soli za mpira. Hizo alizijua, soli za Gildas, alizichagua mwenyewe dukani, zile zisizolia, akazikunja na kuziminya mpaka muuzaji akamtazama vibaya. Nyuma yake nyayo nyingine, buti fupi za kike, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Hizo nazo alizijua. Zilikuwa za Maud Lestienne, yule anayekaa kando ya kamera na daftari, anaandika sigara ilikuwa mkono gani na kikombe kilijaa kiasi gani, ili picha za leo zisipingane na za jana. Maud aliyekula paja la kondoo nyumbani kwao Pasaka, akaomba aongezwe.

Nyayo zikasimama. Pumzi fupi, kwa pua.

Halafu msito.

Perrine alijua hapo hapo, kabla ya sauti yoyote. Alikuwa amelitengeneza busu lile mara elfu. Sasa alikuwa anasikia lenyewe, la mwenyewe, kwenye mdomo wa mtu mwingine. Halikuharakisha. Bomba likagonga mara tatu. Kitambaa kikasugua kitambaa.

Kisha Maud akauliza, sauti ya mtu aliyefunika uso begani kwa mtu, "Jumanne unabaki?"

"Jumanne nabaki. Jumatano ni ya Perrine."

"Kila Jumatano."

"Jumatano inamtosha," Gildas akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeripoti kwamba betri ina moto wa kufika jioni. Akaongeza kwamba waende kabla wale hawajamaliza jibini, nyayo zikasogea karibu, akashtuka kidogo, na mashine ikazimwa.

Kwenye spika za chumba cha mitambo sauti ilikuwa wazi vile vile. Yvon alivua miwani, akaanza kuifuta na ncha ya shati, akaifuta, akaifuta.

"Rudisha," Perrine akasema.

"Perrine."

"Rudisha, nimesema."

Mara ya pili alisikiliza kama fundi. Alihesabu. Sekunde kumi na sita, na kumi na nne zilikuwa safi kabisa, hata shakwe mmoja hakuna. Akavua hedifoni, akaenda kwenye maikrofoni yake, akaomba picha ianze. Mwanamke wa koti la kijani akasogea. Perrine akainua mkono, akaubusu. Ulikuwa mkono tu. Ngozi, na ladha ya sabuni. Akajaribu tena, na tena, mpaka pale kwenye kiwiko pakawa pekundu, na kila mara kinatoka kitu kama mtu anayebandika plasta. Hakukuwa na mtu wa kumfikiria.

Saa kumi kamili Aurélien akashuka ngazi na mfuko wa mikate ya zabibu, skafu shingoni, anauliza mambo vipi wapendwa, tumefikia wapi. Yvon akawahi kujibu. Akasema bado, mitambo inasumbua, bora arudi kesho asubuhi.

"Lipo," Perrine akasema.

Yvon akageuka.

"Lipo tayari. Mzee, muwekee lile la mwisho."

Aurélien alikuwa anavuta kiti kule nyuma ya chumba cha mitambo. Yvon akazima spika ya upande ule, akanong'ona kwenye maikrofoni ndogo ili Perrine peke yake asikie. "Usifanye hivyo, mdogo wangu. Nenda nyumbani. Piga vyombo, vunja sahani, fanya lolote. Hili usifanye."

"Kata kabla hajaongea. Na ile hatua moja ya mpira, iache."

Yvon akaweka. Picha ikaanza, koti la kijani, ndevu, dirisha. Bomba, tik. Hatua moja. Pumzi ya pua, msito, busu. Na bwana wewe, lilikaa. Kwa kawaida sauti ya kweli ukiiweka juu ya picha haikai, busu la kweli halina kelele, linakuwa kama hakuna kitu, ndiyo maana Perrine ana kazi. Lakini hili lilikaa kama lilizaliwa pale. Perrine alitamani lisikae. Hicho ndicho kilimuuma kuliko Maud.

Aurélien alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ilipoisha, alimtazama Perrine kupitia kioo.

"Umelifanyaje?" akauliza.

"Mkono," Perrine akasema. "Miaka kumi na tisa ya mkono."

Aurélien akazunguka kioo, akamkumbatia. Akamwambia ni kama ameyaona mapenzi kwa macho yake. Kisha akawagawia mikate ya zabibu, na Perrine akaula wake wote, mpaka punje ya mwisho, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Hiyo ilikuwa Desemba. Filamu ilitoka Aprili. Hapo katikati kuna miezi minne, na usiniulize Perrine aliikaaje. Alipika supu. Alikunja mashati. Kazini mabusu yalitoka makavu, Yvon akayapitisha. Alianza kuhesabu siku, alikuwa hajawahi kuzihesabu, akakuta Alhamisi Gildas ana mkutano, Jumamosi ana betri, Jumapili ana mama yake mgonjwa ambaye kwenye simu alikuwa anacheka vizuri tu. Na kila Jumatano, saa nane, mstari wa tatu, vidole viwili, mara mbili, fupi. Zamani ule mbano ulikuwa unampandisha joto mpaka shingoni. Sasa alikuwa anaupokea kama mgonjwa anavyopokea kidonge, maji na kumeza.

Dada yake angejua angemwambia sema, mwanamke, unangoja nini? Alikuwa anangoja kitu kimoja. Maneno Gildas angeyapindua. Angelia, angeeleza, angeomba. Gildas alikuwa hodari wa maneno. Lakini masikio yake hayakuwahi kumdanganya maishani, na Perrine alitaka asikie. Gizani, kwenye ukimya wake mwenyewe, siku ya Jumatano.

Kulikuwa na hatari moja, onyesho la timu mwezi Machi, kabla ya filamu kutoka. Gildas alikuwa Marseille kwenye kazi nyingine, akasema hapana shida, tutaitazama Jumatano kama watu wa kawaida. Maud alikwenda. Alimpigia Perrine simu jioni ile kumwambia amelia. Alilia kweli, na hakugundua chochote. Maud alijua kuona, si kusikia.

Asubuhi ya siku yenyewe redio ilikuwa jikoni. Mwanamke wa habari za utamaduni alikuwa anataja filamu tano za mapenzi za kutazama msimu huu, na ya kwanza ilikuwa hii. Alisema nendeni kwa ajili ya busu. Alisema muda mrefu hajasikia kitu cha kweli kama kile.

Gildas akaweka kikombe chini, akamzunguka Perrine, akambusu kwenye paji la uso.

"Umesikia? Busu lako. Uongo wako umeupita ukweli wangu, mke wangu. Nimekubali."

"Kunywa kahawa," Perrine akasema. "Inapoa."

Saa nane. Ukumbi ulikuwa na watu kama ishirini, wengi ni bibi wa mtaani na mikoba yao magotini. Filamu ikaenda. Ni filamu nzuri, ukweli usemwe. Mwanamke aliyerudi kufunga hoteli ya baba yake, na mwanamume aliyekuja kununua vitanda. Gildas alikuwa anamwinamia Perrine kila mara, anamwonyesha, pale nilikuwa nimelala chini ya kitanda, pale mvua ilitunyeshea. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Perrine.

Kisha chumba namba tisa, dirisha, koti la kijani. Bomba likagonga, na Gildas akatabasamu gizani, maana aliutambua ukimya wake. Hatua moja ya soli ya mpira. Tabasamu likabaki usoni lakini likasahau lilikuwa la nini. Pumzi, kwa pua.

Msito.

Perrine hakutazama skrini. Alikuwa anausikiliza mkono wa Gildas. Mkono haukuondoka, haukubana, ulikaa tu juu ya wake ukizidi kuwa mzito, kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Nyuma yao bibi mmoja akavuta kamasi. Sekunde kumi na nne ni nyingi. Kaa uzihesabu siku moja.

Filamu ikaisha, majina yakapanda, watu wakanyanyuka. Wao walibaki, kama kawaida. Mwendelezo, Maud Lestienne. Mistari minne chini yake, sauti, Gildas Morvan. Chini tena, vishindo, Perrine Vasseur. Vidole viwili havikubanwa. Taa zikawaka.

"Lini?" Gildas akauliza, bado anatazama skrini nyeupe.

"Desemba."

Na neno lililomtoka, kwa sababu miaka thelathini ya kazi haimwachi mtu, likawa hili, "Ulikata wapi?"

"Kabla ya Jumatano," Perrine akasema. "Pale kabla hujasema inanitosha."

Hapo ndipo alipoinama. Aliweka uso kwenye viganja, mabega yakaanza kutikisika, na maneno yakaanza kuja, yale yale ambayo Perrine alijua yangekuja, kwamba si hivyo, kwamba haikuwa na maana, kwamba twende nyumbani tuongee kama watu wazima. Perrine alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. Kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Leo Jumatano, Gildas," akasema. "Nimekuja, nimekaa mpaka jina la mwisho. Inakutosha."

Mlangoni wale bibi walikuwa wameziba njia, wanajadili. Mmoja alikuwa anafuta macho, anasema marehemu wake hakuwahi kumbusu namna ile hata siku ya harusi. Mwenzake akamwambia marehemu wako alikuwa anabusu kama anabandika stempu, tulikuwa tunaona sote. Wakacheka, wakampisha Perrine, na yule wa machozi akamwambia hii ni ya kutazama, binti yangu, mlete na mumeo. Perrine akasema yuko ndani.

Usiku ule alilala kwa dada yake. Alhamisi asubuhi alishuka ngazi za Montreuil kama siku zote, maana kulikuwa na filamu nyingine mezani, mwalimu wa kuogelea na mjane. Alivaa soksi zake, akamtembeza mjane kwenye vigae, akamvulisha koti, akamfungulia mlango. Kazi safi. Ilipofika pale mwalimu anaposogea kwa mjane, Perrine akainua mkono mpaka karibu na maikrofoni, akauangalia, akaushusha.

"Siwezi, mzee."

"Najua," Yvon akasema.

Akatoka nyuma ya kioo, na ndipo Perrine alipomwona vizuri, maana asubuhi alikuwa hajamtazama. Juu ya mdomo palikuwa peupe, pameparuzwa, na jeraha dogo la wembe. Masharubu ya miaka arobaini hayakuwepo. Alionekana mzee zaidi, na kama mtu aliyevuliwa nguo. Akachukua tofaa la kijani, akang'ata, akakunja mkono wa shati.

Perrine alitoka akakaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mlango wa studio ni mnene, hakusikia kitu. Aliporudi, Yvon alikuwa anamwekea mwongozaji wa filamu ile, mwanamke mwenye haraka na simu mbili, mwalimu na mjane wakibusiana. Busu lilikuwa baya. Halikuwa na pumzi, halikuwa na msito, lilianza tu likaisha.

"Safi," mwongozaji akasema, bila kuinua macho kwenye simu. "Twende mbele."